Kufufua historia ya ligi ya ridhaa iliyokufa Ujerumani: mwongozo kwa mfano wa Amateurliga Saarland, 1951–1978

Ukiulizwa nani alikuwa bingwa wa Bundesliga mwaka 1966, jibu ni la sekunde chache: TSV 1860 München. Ukiulizwa nani alimaliza wa tisa katika Amateurliga Saarland msimu huohuo, hapo kazi inaanza. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo ya pili: kuipata misimu yote ya ligi ya ridhaa ya mkoa ambayo haipo tena, kuikagua, na kuiweka katika umbo ambalo mtu mwingine anaweza kuliamini.

Tumechagua Saarland, jimbo dogo lililo mpakani na Ufaransa, mji wake mkuu Saarbrücken, kwa sababu mitego yote ya kazi hii imo ndani yake. Amateurliga yake iliishi misimu 27, kuanzia 1951/52 hadi 1977/78. Ukiiweza hii, Amateurliga Rheinland au Amateurliga Württemberg hazitakushinda. Kanuni kuu tuiseme mapema: fuata ngazi, usifuate jina. Wajerumani wamezoea kulichukua jina la ligi iliyovunjwa na kulivisha ligi mpya, tena iliyo ngazi nyingine kabisa. Anayefuata jina huunganisha vitu viwili visivyohusiana, na kosa hilo halionekani mpaka ameshaandika kurasa nyingi.

Anza kwa kuchora ngazi

Kabla ya kutafuta tokeo hata moja, andika ligi yako ilikuwa chini ya nani katika kila kipindi. Kwa Saarland picha ni hii:

1951–1963: Oberliga Südwest (ngazi ya 1), 2. Oberliga Südwest (2), Amateurliga Saarland (3).
1963–1974: Bundesliga (1), Regionalliga Südwest (2), Amateurliga Saarland (3).
1974–1978: Bundesliga (1), 2. Bundesliga Süd (2), Amateurliga Saarland (3).
1978–1994: Bundesliga, 2. Bundesliga, Oberliga Südwest (3), Verbandsliga Saarland (4).
1994–2008: Regionalliga inaingia kama ngazi ya 3, Oberliga inakuwa ya 4, Verbandsliga ya 5.
Tangu 2008: 3. Liga inaingia, Regionalliga inakuwa ya 4, Oberliga ya 5, na Verbandsliga ya 6. Mwaka 2009 Verbandsliga ikabadilishwa jina kuwa Saarlandliga.

Itazame vizuri. Kwa miaka 27 Amateurliga ilikaa ngazi ya tatu bila kuyumba, ingawa ligi iliyokuwa moja kwa moja juu yake ilivunjwa na kujengwa upya mara mbili. Kisha mrithi wake ameshuka kutoka ngazi ya nne hadi ya sita bila timu yoyote kufungwa uwanjani. Wenye mpira waliongeza tu sakafu juu ya vichwa vyao. Kwa hiyo ukisoma kwamba klabu fulani "ilikuwa bingwa wa jimbo" mwaka 1970 na tena mwaka 2010, usidhani ni mafanikio ya uzito mmoja. Bingwa wa 1970 alikuwa ngazi moja tu chini ya Regionalliga, na Regionalliga ilikuwa ngazi moja tu chini ya Bundesliga. Bingwa wa 2010 alikuwa na ngazi tano juu yake.

Namba ya ngazi iwekee safu yake ndani ya jedwali lako, tena uiandike kwa kila msimu. Usiiache kichwani.

Majina yanayofanana na kukudanganya

Matatu ndiyo yanayowaangusha wengi.

La kwanza ni Oberliga Südwest. Kati ya 1945 na 1963 hiyo ilikuwa ligi ya juu kabisa ya eneo lile, ligi ya 1. FC Kaiserslautern ya nahodha Fritz Walter iliyotwaa ubingwa wa Ujerumani mwaka 1951 na 1953. Ile iliyoanza 1978 ilikuwa ligi ya ridhaa ya ngazi ya tatu. Rasmi iliitwa Amateur-Oberliga, na neno Amateur likaondolewa 1994. Tangu 2012 inaitwa Oberliga Rheinland-Pfalz/Saar. Chanzo kikikuambia klabu "ilicheza Oberliga" bila kutaja mwaka, hakijakuambia kitu.

La pili ni Regionalliga. Kuna ya 1963–1974, ngazi ya pili, makundi matano. Kuna ya 1994–2008, ngazi ya tatu, iliyoanza na makundi manne na kupunguzwa kuwa mawili mwaka 2000. Kuna ya tangu 2008, ngazi ya nne, iliyoanza na makundi matatu na kuwa matano mwaka 2012. Jina moja, ligi tatu.

La tatu, na hili ndilo la hila zaidi, ni neno lenyewe Südwest, yaani kusini-magharibi. Eneo hilo lina vyama vitatu vya soka: cha Saarland, cha Rheinland (upande wa Koblenz), na kile kinachoitwa Südwestdeutscher Fußballverband, ambacho licha ya jina lake pana kinashika Pfalz na Rheinhessen tu, yaani Kaiserslautern, Ludwigshafen, Mainz na jirani zao. Vyote vitatu viko chini ya mwavuli mmoja wa kanda ambao nao unaitwa Südwest. Kwa hiyo Amateurliga Südwest ni dada wa Amateurliga Saarland, si mama yake. Ukikuta jedwali la Amateurliga Südwest ukalihesabu kuwa la kanda nzima, umeingiza kwenye ligi yako timu ambazo hazikuwahi kuicheza.

Kabla ya 1951: usiruke Ehrenliga

Mtu anayeanza na 1951/52 hujiuliza timu za msimu wa kwanza zilitoka wapi. Jibu liko katika siasa. Baada ya vita Saar ilitengwa na Ujerumani ikawa himaya chini ya Ufaransa, ikatumia faranga, na mwaka 1948 ikawa na shirikisho lake la soka. Ligi yake ya juu, 1948 hadi 1951, iliitwa Ehrenliga. Shirikisho hilo lilipokewa FIFA tarehe 12 Juni 1950, na timu ya taifa ya Saarland ilicheza mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 1954 dhidi ya Norway na Ujerumani Magharibi, kocha akiwa Helmut Schön, yuleyule aliyekuja kutwaa Kombe la Dunia na Ujerumani Magharibi mwaka 1974.

Katika soka la klabu, mwaka 1951 timu kubwa za Saar zilirudi Oberliga Südwest ya Ujerumani, wakati jimbo lenyewe lilirudi kisiasa tarehe 1 Januari 1957 tu. Yaani kwa zaidi ya miaka mitano klabu zilicheza ligi ya nchi moja huku serikali na pesa vikiwa vya utaratibu mwingine. Hili lina athari mbili za moja kwa moja kwenye kazi yako. Kwanza, mapato ya mlangoni na fedha za uhamisho utakazokuta kwenye magazeti ya Saar kabla ya Julai 1959 ni faranga, si mark. Marki ya Ujerumani iliingia Saarland tarehe 6 Julai 1959. Pili, vitabu vya takwimu vilivyochapwa Ujerumani kabla ya 1951 mara nyingi havina Saar kabisa, na vya Ufaransa vina kipande chake tu: 1. FC Saarbrücken, kwa jina la FC Sarrebruck, ilicheza msimu wa 1948/49 kama mgeni katika daraja la pili la Ufaransa, na matokeo yake hayakuhesabiwa kwenye msimamo.

Hapo pana onyo la uamuzi. Timu ya kwanza ya Saarbrücken ilikuwa Ufaransa msimu ule, kwa hiyo bingwa wa Ehrenliga 1948/49 si lazima awe timu bora ya Saar. Mwandike bingwa wa ligi, na pembeni uweke maelezo. Usimpandishe cheo, usimshushe.

Na Ehrenliga uiweke katika sura yake ya utangulizi. Usiiunganishe na Amateurliga kana kwamba ni ligi moja iliyobadilisha jina: ile ilikuwa kilele cha piramidi ya Saar peke yake, hii ni ngazi ya tatu ya piramidi ya Ujerumani.

Jedwali lako la kazi

Fungua Excel au programu yoyote ya majedwali. Mstari mmoja uwe timu moja kwa msimu mmoja. Ligi ikiwa na timu 16, misimu 27 inakupa mistari 432. Idadi ya timu hubadilika, lakini ndiyo ukubwa wa kazi. Safu zinazohitajika ni: msimu (kwa mtindo wa Kijerumani, 1957/58), ngazi, nafasi, namba ya klabu (unayoipanga mwenyewe), jina la klabu wakati ule, mechi, kushinda, sare, kufungwa, magoli ya kufunga, magoli ya kufungwa, pointi za juu (zilizopatikana), pointi za chini (zilizopotezwa), kilichofuata (kupanda, kushuka, kubaki, kujitoa), chanzo, na alama ya uhakika.

Namba ya klabu ndiyo safu ambayo wengi huipuuza kisha hujuta. Klabu hubadilisha jina, huungana, hugawanyika, namba haibadiliki. Pointi za chini nazo usiziache, sababu utaiona hapo chini.

Alama ya uhakika iwe na viwango vitatu, havizidi: A kwa jedwali la mwisho lililoonekana katika vyanzo viwili vinavyojitegemea, B kwa chanzo kimoja, C kwa nafasi inayojulikana bila takwimu. Vyanzo viwili vya mtandaoni vyenye kosa lilelile la uchapaji si vyanzo viwili. Mmoja amemnakili mwenzake.

Kutafuta: Jumatatu za mwezi wa tano na wa sita

Chanzo kikuu ni gazeti la kila siku la eneo, hapa Saarbrücker Zeitung. Ligi za ridhaa zilichezwa hasa Jumapili, kwa hiyo misimamo ilichapwa Jumatatu. Huhitaji kupitia matoleo yote ya mwaka. Kwa kila msimu tafuta matoleo haya: Jumatatu ya raundi ya mwisho, Jumatatu mbili au tatu zinazofuata, kwa ajili ya mechi za viporo, mechi za kuamua na hukumu za kamati, na Jumatatu moja ya mapumziko ya majira ya baridi, Desemba, ili uwe na msimamo wa katikati wa kulinganisha. Jumatatu ya raundi ya mwisho peke yake ni hatari, kwa sababu mhariri alikuwa na saa chache za usiku kukusanya matokeo kwa simu, na baadhi ya misimamo ilichapwa ikiwa na mapengo.

Gazeti liko wapi? Ingia katika ZDB, katalogi ya pamoja ya magazeti na majarida ya maktaba za Kijerumani, andika jina la gazeti, itakuonyesha maktaba ipi ina miaka ipi na kama ni karatasi au mikrofilamu. Kwa Saarland, maktaba ya chuo kikuu na jimbo iliyopo Saarbrücken ndiyo pa kuanzia. Ukiwa Mombasa au Mwanza, waandikie barua pepe uombe nakala za kurasa. Taja tarehe kamili na neno "Sportteil" (kurasa za michezo). Ombi la "chochote kuhusu Amateurliga" litarudi bila kitu. Magazeti yaliyowekwa mtandaoni na Deutsches Zeitungsportal yanakusaidia zaidi kwa miaka ya kabla ya 1950, si kwa miaka ya Amateurliga yenyewe.

Jarida la Kicker lilichapa misimamo ya ngazi za juu kwa ukamilifu na ya Amateurliga kwa ufupi. Zipo pia kazi za DSFS, chama cha Wajerumani wanaokusanya takwimu za soka, pamoja na tovuti ya RSSSF. Hizi zitumie kama ramani: zikuonyeshe bingwa na walioshuka, kisha wewe uthibitishe kwenye gazeti. Kijitabu cha jubilei cha klabu, kile kinachoitwa Festschrift, kina picha na majina ya wachezaji ambayo hutayapata kwingine, lakini kina ugonjwa wake. Kila klabu hupenda kujiita bingwa. "Meister 1962" katika kijitabu huenda ni bingwa wa A-Klasse au Bezirksliga, ligi zilizo chini ya ile unayoifuatilia.

Maneno ya Kijerumani ya kuyakariri ni machache: Abschlusstabelle (msimamo wa mwisho), Spielzeit (msimu), Spieltag (raundi), Meister (bingwa), Aufsteiger na Absteiger (aliyepanda, aliyeshuka), Aufstiegsrunde (mchujo wa kupanda), Entscheidungsspiel (mechi ya kuamua), Punktabzug (kupokwa pointi), zurückgezogen (amejitoa), Staffel (kundi), na n. V., yaani baada ya muda wa nyongeza.

Tahajia itakusumbua. Saarbrücken huandikwa pia Saarbruecken, na programu ya kutambua maandishi inaweza kuisoma Saarbriicken. Fußball huwa Fussball au Fuhball. Tafuta kwa kila umbo. Ukirudi nyuma hadi miaka ya 1930 utakutana na herufi za Fraktur, mtindo wa zamani wa uchapaji wa Kijerumani, ambamo s ndefu inafanana na f. Baada ya vita magazeti mengi yalitumia herufi za kawaida, kwa hiyo kwa Amateurliga tatizo hili karibu halipo.

Kukagua kwa hesabu

Hapa ndipo jedwali la kuokoteza linapotengana na jedwali la kuaminika. Misimu yote 27 ilitumia pointi mbili kwa ushindi na moja kwa sare. Pointi tatu ziliingia Ujerumani msimu wa 1995/96. Wajerumani waliandika pointi kwa pande mbili: 41:19 maana yake pointi 41 ulizopata na 19 ulizopoteza.

Kwa timu 16, kila timu inacheza mechi 30, ligi nzima mechi 240, na pointi zote ni 480. Kwa hiyo:

Pointi za juu na za chini za kila timu lazima zifike 60. Jumla ya pointi za juu za timu zote ni 480, na za chini ni 480. Jumla ya ushindi ni sawa na jumla ya vipigo. Jumla ya sare ni namba shufwa. Jumla ya magoli ya kufunga ni sawa na ya kufungwa.

Timu zikiwa 18, hesabu ni mechi 34 kwa timu, 306 kwa ligi, pointi 612. Zikiwa 17, ni 32, 272 na 544. Zikiwa 15, ni 28, 210 na 420. Na idadi ikiwa witiri timu moja hupumzika kila raundi, ndiyo maana misimamo ya katikati ya msimu haina mechi sawa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Timu ina 41:19, na gazeti linasema imeshinda 17, sare 6, imefungwa 7. Zidisha: 17 mara 2 ni 34, ongeza sare 6, unapata 40. Haikubali. Geuza ziwe sare 7 na vipigo 6: 34 na 7 ni 41, na upande wa chini 12 na 7 ni 19. Mchapaji alipindua tarakimu mbili. Bila pointi za chini ungebaki ukibahatisha.

Magoli yasipolingana, angalia tofauti. Ikigawanyika kwa 9, mtuhumiwa wa kwanza ni tarakimu zilizopinduliwa: 63 kuandikwa 36 kunaleta tofauti ya 27, 54 kuandikwa 45 kunaleta 9. Ikiwa tofauti ni kama 50 au 60, tarakimu ya makumi imesomwa vibaya, na kwenye mikrofilamu iliyofifia hizo huwa 3 na 8, au 1 na 7. Ikiwa ni 1 au 2, kuna uwezekano mkubwa kuwa mechi moja ilirekebishwa baada ya jedwali kuchapwa.

Zipo pia tofauti halali. Jumla ya pointi ikipungua 480 kwa kiasi kidogo, tafuta Punktabzug. Vipigo vikizidi ushindi, huenda mechi moja ilihukumiwa kuwa imepotezwa na timu zote mbili. Timu zote zikiwa na mechi mbili pungufu, kuna timu iliyojitoa na matokeo yake yakafutwa. Itafute na uiandike chini ya jedwali, kwa sababu kihistoria ilikuwepo. Jedwali lililochapwa likiwa halilingani na hukujua sababu, liache kama lilivyochapwa na uweke alama. Kulirekebisha ili hesabu ikae vizuri ni kughushi.

Kuhusu timu zenye pointi sawa: usipange kwa tofauti ya magoli kwa mazoea. Katika Bundesliga hadi msimu wa 1968/69 kilichotumika ni mgawanyo, magoli ya kufunga gawa kwa ya kufungwa. Timu yenye 60:30 ina mgawanyo wa 2.00 na tofauti ya 30. Timu yenye 45:20 ina mgawanyo wa 2.25 na tofauti ya 25. Kwa mgawanyo ya pili iko juu, kwa tofauti ya kwanza iko juu. Isitoshe, pale ambapo ubingwa au kushuka kulitegemea nafasi hiyo, mara nyingi iliitishwa mechi ya kuamua katika uwanja usio wa yeyote. Ukiona bingwa ana pointi sawa na wa pili lakini magoli mabaya zaidi, usikimbilie kusahihisha gazeti. Fungua toleo la wiki inayofuata.

Klabu ipi ni ipi

Amri namba 23 ya watawala wa nchi nne zilizoikalia Ujerumani, ya tarehe 17 Desemba 1945, ilivunja vyombo vyote vya michezo vilivyokuwepo. Klabu zilianzishwa upya, na katika ukanda wa Ufaransa nyingi zililazimika kuvaa jina jipya. Borussia Neunkirchen ilikuwa VfB Neunkirchen kwa muda; 1. FC Saarbrücken ilikuwa 1. SV Saarbrücken. Taratibu majina ya zamani yakarudi, lakini si yote, na si kwa siku moja.

Mji mmoja pia una timu nyingi. Ukiona "Saarbrücken" tupu kwenye msimamo usiandike 1. FC, SV Saar 05 nayo ni ya mji huohuo. Na 1. FC ikiwa Oberliga au Bundesliga, "Saarbrücken" ya Amateurliga inaweza kuwa timu yake ya pili, iliyoandikwa "Amateure" au "Am." Neno hilo lilidumu hadi 2005, lilipobadilishwa kuwa II. Timu ya pili ipe namba yake mwenyewe. Pia chunguza kama ilizuiwa kupanda, maana hapo ndipo utaelewa kwa nini aliyemaliza wa pili ndiye aliyepanda.

Kampuni nayo huingia kwenye jina. SV Röchling Völklingen ilibeba jina la wenye viwanda vya chuma vya mji huo, na nje kidogo ya kanda SV Waldhof ya Mannheim iliitwa Chio Waldhof katika miaka ya 1970 kwa ajili ya mdhamini. Klabu ni ileile. Mageuzi ya tawala za mitaa ya mwaka 1974 yaliunganisha miji na vijiji vingi vya Saarland: Dudweiler ikawa sehemu ya Saarbrücken, Spiesen na Elversberg zikawa manispaa moja. Mtu akitafuta ASC Dudweiler kwenye orodha ya miji ya leo hataiona. Atafute kwa jina la mtaa.

Mashaka yakibaki, rejista ya vyama (Vereinsregister) iliyo mahakamani inaonyesha tarehe za usajili na mabadiliko ya majina, na unaweza kuitazama kupitia handelsregister.de. Tarehe ya kuungana kisheria inaweza kuwa katikati ya msimu. Kwenye jedwali tumia jina lililochezewa mwishoni mwa msimu.

Kupanda, kushuka, na miaka ya mpasuko

Usidhani kwamba idadi ya wanaoshuka ilikuwa moja kila mwaka. Ilitegemea timu ngapi za Saarland zimeanguka kutoka juu. Zikianguka mbili, chini lazima zitoke zaidi ili nafasi itoshe. Ndiyo maana nafasi ya 14 inaweza kuwa salama mwaka mmoja na kuwa ya kushuka mwaka unaofuata. Safu ya "kilichofuata" isijazwe kwa kukisia nafasi. Ijazwe kwa kuangalia timu imeonekana ligi gani msimu uliofuata. Ukaguzi huu wa kuangalia mbele unanasa makosa mengi kuliko mwingine wowote.

Miaka mitatu inahitaji ukurasa wake. Mwaka 1963 Bundesliga ilizaliwa ikiwa na timu 16. Kutoka Südwest zilichukuliwa Kaiserslautern na 1. FC Saarbrücken, uteuzi uliolalamikiwa sana Neunkirchen. Saarbrücken ikamaliza ya mwisho, na Borussia Neunkirchen ikapanda mwaka 1964. Kwako muhimu zaidi ni kilichotokea chini: 2. Oberliga ilivunjwa, timu zilizokosa Regionalliga zikamwagwa Amateurliga. Timu iliyo Amateurliga 1963/64 baada ya kuwa 2. Oberliga haikushuka kwa maana ya kawaida, maana ligi yake ilifutwa. Iwekee neno tofauti.

Mwaka 1974 Regionalliga ilivunjwa, na nafasi za 2. Bundesliga zikagawiwa kwa hesabu ya misimu kadhaa iliyopita. Saarland ilipata timu nne katika kundi la Süd: 1. FC Saarbrücken, FC 08 Homburg, Borussia Neunkirchen na Röchling Völklingen, kwa jimbo dogo kiasi hicho ni mavuno makubwa. Waliobaki walirudi Amateurliga, na kwa miaka minne ligi hiyo ya ridhaa ilikuwa mguu mmoja tu kutoka 2. Bundesliga. Mwaka 1978 timu za juu za Amateurliga tatu za kanda zilikwenda kuunda Oberliga mpya, waliosalia wakawa Verbandsliga. Msimu wa 1977/78 sehemu moja ya msimamo "ilipanda" kwa jina na kubaki ngazi ileile ya tatu, na sehemu nyingine "ilibaki" kwao na kuanguka ya nne. Andika "ngazi 3, Oberliga" na "ngazi 4, Verbandsliga", bila neno kupanda wala kushuka.

Kwa kuwathibitisha mabingwa kuna msaada wa pembeni: mashindano ya ubingwa wa ridhaa wa Ujerumani, yaliyochezwa kati ya 1950 na 1998. Yalichukua timu za juu za ligi za ridhaa. Lakini bingwa aliyekuwa kwenye mchujo wa kupanda mara nyingi hakushiriki, nafasi ikaenda kwa aliye chini yake. Jina lililoko kwenye mashindano hayo linakuambia timu ilikuwa juu ya msimamo. Halikuambii kuwa ilikuwa ya kwanza.

Matokeo tupu hayana mwenyewe, lakini hifadhidata nzima iliyokusanywa na mtu ina ulinzi wa kisheria Ulaya, kwa hiyo jenga yako kutoka kwenye magazeti badala ya kunakili ya mwenzako mzima mzima. Panapokosekana namba weka kistari. Sifuri ni tokeo, na msomaji ataihesabu.